Tazama Kiungo Kwanza: Hotuba kuhusu Singe za Majaribio

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu katika fani hii, na nyinyi vijana mlioanza juzi kusoma na kukusanya silaha za zamani, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie singe za majaribio, yaani zile ambazo majeshi yalitengeneza chache, yakazipima uwanjani, kisha nyingi yakaziacha. Nina jambo moja la kulitetea leo, na mifano yote nitakayotoa ni kwa ajili ya hilo.

Mtu akipewa singe mkononi, jicho lake hukimbilia bapa. Atapima urefu, atagusa ncha, atauliza kama ina makali upande mmoja au pande mbili. Mimi nawaomba muigeuze, mtazame upande wa pili: pete, tundu, komeo, springi, mahali pote inaposhikana na bunduki. Namna ya kufua bapa la kudunga na kukata ilijulikana vizuri kabla ya bunduki kuwapo. Kilichowahangaisha mafundi kwa zaidi ya miaka 300 ni kiungo. Chuma hiki kikae vipi kwenye mdomo wa mtutu, na risasi bado ipite, na mkono wa askari usikatike wakati wa kujaza baruti, na chenyewe kisichomoke kikivutwa? Historia nzima ya singe za majaribio ni historia ya kujibu swali hilo, na wale waliolisahau walishindwa hata kama bapa lao lilikuwa zuri.

Tuanzie mwanzo. Singe za kwanza za Ulaya, katika karne ya 17, zilikuwa na mpini wa mti uliochongwa ukawa mwembamba kwa chini, ukashindiliwa ndani ya mtutu kama kizibo cha chupa. Bunduki ikageuka mkuki. Lakini mara ilipogeuka mkuki haikuwa tena bunduki, kwa kuwa mdomo umezibwa. Tarehe 27 Julai 1689, huko Killiecrankie, Scotland, askari wa serikali chini ya Jenerali Hugh Mackay walifyatua risasi zao, na kabla hawajamaliza kuchomeka vizibo, wapiganaji wa milimani waliokuwa wakiteremka mbio na panga walikwisha kuwafikia. Walikatwa vibaya. Hawakukosa chuma, walikosa muda wa kukichomeka, na kosa hilo lilikuwa la kiungo. Mackay mwenyewe, baada ya kipigo hicho, akashika njia ya kufunga singe kwa pete nje ya mtutu, ili askari afyatue huku singe ikiwa mahali pake.

Jibu lililodumu lilikuwa soketi, bomba fupi la chuma linalovishwa nje ya mtutu, lenye mfereji uliopinda unaozungushwa kwenye kinundu mpaka likaze. Vauban, yule mhandisi mkuu wa ngome wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliipigania katika miaka ya 1680. Itazameni kwa karibu. Bapa halitoki moja kwa moja kwenye bomba. Linatoka kwenye kiwiko, linakwenda pembeni kwanza kisha ndipo linaelekea mbele. Kiwiko hicho kidogo ndicho akili yote ya singe ile, kwa sababu kinauachia nafasi mkono unaoshindilia baruti kwa mdeki, na kinaiachia risasi njia. Majeshi ya Ulaya yalikaa na muundo huo kwa karibu miaka 150 bila kuubadilisha sana.

Hapo mtaniuliza: je, bapa lenyewe halikuwahi kushindwa? Liliwahi. Katika vita vya Abu Klea, Sudan, tarehe 17 Januari 1885, kulikuja habari kwamba singe za Waingereza zilipinda katikati ya mapigano, na jambo hilo likazua kelele kubwa Uingereza na uchunguzi ukafanyika. Nalitaja kwa sababu ni haki kulitaja. Lakini angalieni dawa yake ilikuwa nini: chuma bora, na upimaji mkali zaidi kiwandani. Kasoro ya bapa hurekebishwa bila kuchora singe upya. Kasoro ya kiungo hukulazimisha uanze mwanzo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Marekani. Katika miaka ya 1880, karakana ya Springfield ilijaribu kuifanya mdeki na singe kuwa kitu kimoja: ufito wa chuma unaokaa chini ya mtutu, ambao ukivutwa mbele na kukazwa kwa komeo unakuwa singe. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Askari anapunguziwa mzigo, ala haihitajiki, singe haipotei kwa kuwa imo ndani ya bunduki. Wakaipenda kiasi kwamba bunduki mpya ya mwaka 1903 nayo ilitoka na ufito huo. Ndipo Rais Theodore Roosevelt akaishika. Tarehe 4 Januari 1905 alimwandikia Waziri wa Vita, William Howard Taft, akisema kwa maneno makali kwamba singe ile ni miongoni mwa uvumbuzi duni kabisa aliowahi kuuona, na kwamba ilivunjika mara ilipogongwa hata kwa nguvu ya kawaida. Wakati huo habari za vita vya Urusi na Japani zilikuwa zikifika kila siku, na huko watu walikuwa wakipigana kwa singe kwelikweli. Utengenezaji ukasimamishwa, bunduki zilizokwisha kutoka zikarudishwa kurekebishwa, na mahali pa ufito pakaja singe ya kisu ya mwaka 1905 yenye bapa la inchi 16, yaani sentimita 40 na ushei.

Ufito ule ulikufa kwa sababu ya unene wake, na unene wake uliamuliwa na nafasi iliyokuwa chini ya mtutu. Ukitaka singe ikae ndani ya bunduki, lazima iwe nyembamba. Ikiwa nyembamba, haitahimili kugongwa na kitako cha bunduki ya adui. Hapakuwa na fundi wa kulitatua hilo kwa kufua bapa vizuri zaidi.

Urefu nao, ambao wengi huudhani ni suala la bapa, ulikuwa suala la bunduki. Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, iliipunguza Lee-Enfield mtutu kutoka inchi 30 na kidogo hadi inchi 25 na kidogo, ili bunduki moja iwafae askari wa miguu na wa farasi. Hofu ikaingia kwamba askari wa Uingereza atazidiwa kimo na adui mwenye bunduki ndefu. Singe ya mwaka 1903 ilikuwa na bapa la inchi 12. Wakafanya majaribio, wakaitazama singe ya Wajapani ya bunduki ya Arisaka, na mwaka 1907 wakatoka na bapa la inchi 17. Pigeni hesabu: mtutu umepungua inchi 5, bapa limeongezeka inchi 5. Hata lile ndoana la kunasia bapa la adui, lililokuja na muundo wa Kijapani, waliliondoa mwaka 1913.

Sasa nije kwenye uzito, jambo ambalo naliona halisemwi vya kutosha. Mtutu unapofyatua hutetemeka. Ukitundika gramu mia kadhaa kwenye mdomo wake, mtetemo unabadilika na risasi inaangukia mahali pengine. Warusi walilikubali hilo wakalijengea kanuni: bunduki yao ya Mosin ya mwaka 1891 ilisawazishwa shabaha singe ikiwa imechomekwa, na askari alitakiwa aiache hapo hapo mchana na usiku. Ukiitoa, bunduki haipigi tena pale unapolenga. Singe ile ndefu, yenye pande nne na ncha iliyochongwa kama bisibisi, ilikuwa sehemu ya mtutu.

Wamarekani nao walikutana na uzito kwa njia nyingine, katika bunduki ya Melvin Johnson ya mwaka 1941. Hiyo ilikuwa bunduki ya kujijaza yenyewe, na ilifanya kazi kwa mtutu wenyewe kurudi nyuma kila inapofyatuliwa. Fikirini maana yake kwa mbunifu wa singe. Kila unachokifunga kwenye mtutu kinasafiri nao, na kikiwa kizito, mtutu unachelewa na bunduki inakwama. Johnson akalazimika kutoa singe nyepesi mno, mwiba tu wa chuma, usiokata kamba wala kufungua kopo. Mshindani wake, M1 Garand, mtutu wake ulikuwa umetulia mahali pamoja, ukabeba lile bapa la inchi 16 bila shida. Mwaka 1943 Wamarekani wenyewe waliona urefu huo ni mzigo, wakaukata hadi inchi 10. Lakini waliukata kwa hiari yao, hawakulazimishwa na bunduki.

Naomba sasa mnivumilie kidogo nizungumzie kundi ninalolipenda na linalonihuzunisha pia: singe zilizotwishwa kazi za watu wengine. Edmund Rice, ofisa wa jeshi la Marekani aliyepigana Gettysburg katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, alibuni singe ya mwiko. Ni mwiko kweli, kama wa mwashi, mpana kama kiganja, uliofungwa kwenye soketi. Askari akifika mahali pa risasi nyingi, anaufungua, anachimba shimo la kujificha, kisha anaurudisha kwenye mtutu. Springfield ilitengeneza 10,000 za muundo wa mwaka 1873. Msiharakishe kuudharau. Rice alikuwa ameona kwa macho yake jinsi risasi za bunduki mpya zilivyowamaliza watu waliosimama wima, na alielewa mapema kwamba askari wa kesho ataishi kwa kuchimba. Alikuwa sahihi kuhusu vita. Lakini chombo cha kuchimba kinataka mpini unaoshikika na bapa butu na nene, na singe inataka ncha na kiungo kisicholegea, wakati kila pigo la kuchimba hulegeza kiungo. Mtaka yote hukosa yote. Haikupita miaka 10 jeshi likatoa kisu cha kuchimbia kinachojitegemea, kisichofungwa kwenye bunduki.

Uingereza ilikuwa na msiba wa aina hiyo hiyo katika singe ya Lord Elcho, iliyojaribiwa kuanzia mwaka 1870 kwa ajili ya bunduki ya Martini-Henry. Bapa lake linapanuka kuelekea ncha kama panga la kufyekea, na mgongoni limechongwa meno ya msumeno. Kwa macho yangu ni miongoni mwa singe nzuri kuliko zote zilizowahi kufuliwa. Lakini ilikuwa ghali, na uzito ulijaa kwenye ncha, mahali pabaya kabisa pa kuweka uzito kwa bunduki inayoshikwa kwa kitako. Ikaachwa, na askari wa kawaida wakapewa singe ya soketi ndefu ya kudunga tu.

Aliyefaulu kuunganisha zana na singe ni Mrusi, R. M. Todorov, na alifaulu kwa sababu aliiweka zana mahali tofauti na kiungo. Kisu chake cha majaribio cha mwaka 1956 kilikuwa na tundu kwenye bapa. Kwenye ncha ya ala kuna kinundu. Ukivichanganya, bapa na ala vinakuwa mkasi wa kukatia waya, na ala imefunikwa kwa kitu kisichopitisha umeme. Mwaka 1959 muundo huo ukapewa bunduki ya AKM. Askari anapokata waya, nguvu inapita kati ya bapa na ala. Pete inayovishwa kwenye mtutu haiguswi hata kidogo. Takriban robo karne baadaye, Wamarekani walipofanya majaribio yaliyozaa singe ya M9 katikati ya miaka ya 1980, walichukua mpango huo huo wa bapa na ala.

Na katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwezi Mei 1943, Warusi hao hao walipima miundo minane ya singe kwa mkupuo, wakitafuta ya kukunjwa isiyotoka kwenye bunduki fupi. Ukiwa na miundo minane mbele yako ya bunduki moja ile ile, huwezi kubishana tena kuhusu bapa. Yote ni miiba. Unapima bawaba, springi, na jinsi inavyokaza ikifunguliwa. Ulioshinda ni wa N. S. Semin, ukaingia rasmi kwenye kabini, yaani ile bunduki fupi, iliyopitishwa Januari 1944, singe ikilala upande wa kulia wa mtutu.

Wafaransa waliificha yao. Singe ya MAS-36 ni mwiba unaokaa ndani ya bomba chini ya mtutu, ncha ikiwa imeelekea ndani. Askari anaufungua, anaugeuza, anauchomeka tena bombani kwa kitako chake. Ni safi, haina ala wala kelele. Kasoro ikajitokeza mikononi mwa askari: singe moja iliweza kuingizwa kwenye mabomba ya bunduki mbili zilizoelekezana midomo, komeo likazama ndani pasipofikika, na bunduki mbili za jeshi zikawa kitu kimoja. Ikabidi litobolewe tundu la kupitishia ncha ya chombo ili komeo liachie. Hakuna mchoro ulioionyesha hatari hiyo. Ilihitaji vijana kambini wenye bunduki mbili na dakika chache za kuchezea.

Hizi nilizoweka mezani hapa ni za Waingereza, na naomba baadaye mje mzishike. Hii ya kwanza ni No. 4, mwiba wa inchi 8 bila mpini. Majaribio ya kati ya Vita Kuu mbili za Dunia yaliwafikisha Waingereza kwenye uamuzi kwamba inchi 8 zinatosha, na vita vilipoanza wakaitengeneza kwa wingi, kwanza yenye mifereji minne kwenye bapa, kisha ya mviringo mtupu ili kuokoa muda wa mashine. Askari hawakuipenda kwa kuwa haifanyi kazi nyingine yoyote. Kwa kiungo, naiona kamilifu: unaisukuma, unazungusha, imekaza.

Hii ya pili ni No. 7, nayo ndiyo jibu la malalamiko yale. Ina bapa la mtindo wa bowie, kile kisu kikubwa cha Kimarekani, na mpini mwekundu uliojaa mkononi. Askari alitakiwa aitumie kama kisu cha mapambano na pia kama singe ya bunduki ya Lee-Enfield iliyoitwa nayo No. 4, na mdomo wa bunduki hiyo unataka soketi, wakati mkono unataka mpini wenye mwisho laini. Sasa angalieni ninavyofanya. Nabonyeza hapa, kichwa cha mpini kinazunguka nusu mduara, na soketi inajitokeza. Nikizungusha tena, soketi inalala na kisu kinarudi. Imetengenezwa kwa ustadi mkubwa sana, na ustadi huo ndio ulioiponza. Sehemu zake ni nyingi, ni ghali, na kiungo kinachozunguka kina mahali pengi pa kulegea. Sehemu kubwa iliishia kwenye gwaride. Baada yake ikaja No. 9, ambayo ni soketi ya kawaida tu iliyounganishwa na bapa lile lile.

Na bapa hilo ndilo ushahidi wangu mkubwa. Lipo kwenye No. 5, iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki fupi ya msituni. Lipo kwenye No. 7. Lipo kwenye No. 9. Lipo tena kwenye singe ya L1A1 ya bunduki ya kujijaza iliyofuata. Ni bapa moja la inchi 8, na viungo vinne. Waingereza walipata bapa waliloliridhia mara moja, kisha wakatumia miaka mingi kuhangaika na jinsi ya kulifunga. Walipofika kwenye bunduki ya SA80 katika miaka ya 1980, wakafanya jambo ambalo kizibo cha karne ya 17 kilikuwa kinyume chake: mpini mtupu ndani, unaovishwa juu ya mdomo wa mtutu, bapa likiwa limesogezwa pembeni ili risasi ipite katikati ya mpini. Singe hiyo ndiyo iliyochomekwa kusini mwa Iraki tarehe 14 Mei 2004, askari wa Uingereza walipowashambulia wapiganaji waliokuwa kwenye mahandaki.

Kwa hiyo, vijana, mkikutana na singe isiyo na alama, isiyo na ala, na muuzaji anawaapia kwamba ni ya majaribio, msianze kwa kusoma bapa. Pimeni kipenyo cha ndani cha pete, kisha pimeni umbali kutoka pete hadi mfereji ulio kwenye kichwa cha mpini. Vipimo hivyo viwili ni lazima vikubaliane na bunduki fulani iliyowahi kuwapo, hata kama ilikuwa moja tu kwenye karakana. Visipokubaliana na bunduki yoyote, hiyo ni kazi ya mtu aliyetaka pesa zenu. Na nawasihi sana, msiisugue kwa msasa. Namba za majaribio mara nyingi zimegongwa kwa wepesi kwenye kinga ya mkono au chini ya vibao vya mpini, na nimeona nyingi zilizong'arishwa mpaka hakuna kilichobaki cha kusomwa.

Chukueni hii No. 5 kwa mfano, ya mwisho hapa mezani. Pete yake ni kubwa kupita kiasi kwa mtutu wa Lee-Enfield. Asiyejua atasema fundi alikosea, au singe ni bandia. Ni kubwa kwa sababu bunduki ya msituni ilikuwa na kificha mwali mdomoni, chenye umbo la faneli, na pete ilibidi ikipite hicho. Upana huo huo ndio uliofanya singe hiyo ichukuliwe baadaye kwa ajili ya bunduki ndogo ya rashasha ya Sterling, yenye mdomo mnene, wakati bunduki ya msituni yenyewe ilikwisha kuondolewa jeshini. Karibuni mezani, mje mpime wenyewe.